Kwa nini ngozi ya kitabu cha kale hugeuka vumbi jekundu?

Ukishika mgongo wa kitabu cha ngozi cha karne ya 19, huenda vidole vikabaki na unga mwekundu. Wengi husema ni uzee. Uzee ungekuwa ndio sababu, majalada ya miaka ya 1600 yangekwisha kabla ya yale ya 1880, lakini mara nyingi huwa kinyume: babu mzima, mjukuu unga.

Chukua The Botanic Garden, shairi refu la Erasmus Darwin, tabibu wa Lichfield na baadaye Derby, Uingereza, babu yake Charles Darwin. Toleo lenye sehemu zote mbili lilitoka London mwaka 1791. Humo mimea hupendana na kuoana kwa vina, na chini ya beti zimejaa tanbihi za sayansi ambazo katika kurasa nyingine hulimeza shairi lenyewe. Enzi hizo vitabu vingi viliuzwa na jalada la muda. Mnunuzi ndiye aliyempelekea fundi akitie ngozi, na mrithi wake angeweza kukitia ngozi mpya miaka mia baadaye. Kwa hiyo mwaka uliochapwa ndani hauelezi umri wa ngozi iliyo nje.

Mharibifu mkuu ni asidi. Makaa ya mawe, na gesi ya taa iliyotokana nayo, vikiungua hutoa salfa dioksidi. Ngozi huivuta hewani, na ndani yake gesi hiyo hugeuka asidi ya salfuriki. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliyasema haya mapema, mwaka 1843, baada ya taa za gesi kuharibu majalada katika maktaba ya klabu ya Athenaeum, London.

Fikiria mkeka. Ukilegea mishono, utaushona tena. Lakini tuseme kila ukindu umekatwakatwa vipande vifupi huku mkeka ungali umetandikwa: kwa macho ni mzima, ukiuinua unamwagika. Kolajeni, nyuzi zinazoishika ngozi, hukatwa na asidi namna hiyo. Ndiyo maana kupaka mafuta, dawa inayopendwa sana, hakuponyi: mafuta hulainisha vipande, hayaviungi. Tena huiacha ngozi nyeusi na yenye kunata, vumbi likapata makazi.

Ngozi nazo hazilingani. Zilizosindikwa kwa sumaki, kichaka cha nchi za Mediterania, huvumilia asidi kuliko zilizosindikwa kwa tanini (kemikali za mimea za kusindikia ngozi) za jamii ya miwati, mti ambao baadaye ulipandwa kwa wingi Njombe na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya magome yake. Pia inadhaniwa kuwa chumvi zilizobaki kwenye ngozi za zamani ziliikinga, na usindikaji wa haraka wa viwandani ukaziosha. Hoja hiyo ina mantiki, ila si rahisi kupima mchango wa kila sababu peke yake. Kamati ya wataalamu iliyotoa ripoti London mwaka 1905 iliwalaumu hata mafundi, kwa kutumia asidi ya salfuriki wakati wa kutia rangi.

Kejeli iko ndani ya shairi. Darwin aliusifu mvuke, akatabiri magari yatakayokokotwa nao na vyombo vitakavyopaa angani. Mvuke ulikuja kweli, ukachomewa makaa ya mawe, na moshi wake ukaingia maktaba.

Asidi ikishakata nyuzi, hazirudi. Wahifadhi hupaka gundi nyepesi ya selulosi iliyoyeyushwa katika alkoholi, ili unga utulie, kisha hukiweka kitabu ndani ya kisanduku. Ukiwa nacho nyumbani, kifunge kwa karatasi isiyo na asidi na usikivute kwa kichwa cha mgongo, maana hapo ndipo huanza kung'oka. Mafuta ya nazi yaache jikoni.