Sumu kwa vijidudu vya maji taka: maana yake nini?

Kwenye karatasi ya usalama ya dawa ya kusafishia, sehemu ya mazingira, utakuta samaki, mwani, na pengine mstari unaotaja vijidudu vya mtambo wa maji taka. Wengi huuruka. Kumbe sisi wa Malindi unatuhusu hasa, maana nyumba na hoteli nyingi hapa zinategemea septiki, na lori la kunyonya huitwa ikijaa.

Kazi ya kusafisha maji taka hufanywa na bakteria. Mtambo huwapulizia hewa tu, wao ndio wanaokula uchafu. Kupima sumu ya kemikali kwao ni kutafuta kiasi chake, katika lita moja ya maji, kinachoanza kuwakwamisha.

Kipimo kinachotumika sana ni OECD 209 (OECD ni shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya vipimo vya kemikali), cha mwaka 1984, kilichofanyiwa marekebisho 2010. Tope lenye bakteria huchukuliwa mtamboni, likagawiwa chupa kadhaa na kulishwa maji taka ya kutengeneza: peptoni, dondoo la nyama, yurea na chumvichumvi. Kila chupa hutiwa kemikali kwa kiasi tofauti, nyingine haziwekewi kitu ili ziwe za kulinganishia. Hewa hupulizwa kwa saa 3 katika nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Kisha hewa hukatwa, na kifaa kikaonyesha oksijeni inavyoshuka. Bakteria wazima huimaliza upesi, waliolemewa huivuta kidogo kidogo. Kiasi kinachopunguza upumuaji huo kwa nusu huitwa EC50. Tope lenyewe nalo hujaribiwa kwa sumu inayojulikana, 3,5-diklorofenoli: EC50 yake isipoangukia kati ya miligramu 2 na 25 kwa lita, majibu yote yana walakini.

Wapo bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati. Hawa huzaliana polepole na mara nyingi ndio wa kwanza kuumia, hata pale upumuaji wa jumla unapoonekana si haba. Ndiyo maana kipimo hicho kinaweza kuwapima peke yao.

Septiki haina hewa, kwa hiyo 209 haiisemei moja kwa moja. Kuna OECD 224, ya 2007, inayotazama gesi ya bakteria wasiotumia oksijeni inavyopungua. Mimi ningeitaka hiyo kwanza kabla ya kumwamini muuzaji anayesema dawa yake haidhuru septiki.

EC50 pia si ruhusa ya kumwaga mpaka hapo. Watathmini wa Ulaya huigawa kwa 100 kupata kiwango cha tahadhari. Chukua mfano: lita 1 ya dawa yenye gramu 50 za kiini (kemikali yenyewe inayofanya kazi), ikamwagwa mara moja kwenye septiki yenye lita 10,000 za maji, inaacha miligramu 5 kwa lita. Kama EC50 ya kiini hicho ni miligramu 8 kwa lita, kiwango cha tahadhari ni 0.08, nawe umeshakipita zaidi ya mara 60 kwa chupa moja ya chooni.