Je, wajua kwa nini sinema zilipoanza kusema, taa zilinyamazishwa?

Ukitazama sinema ya kimya ya miaka ya 1920, huwezi kudhani kwamba studio ilimopigwa ilikuwa na kelele. Mwongozaji alipaza sauti huku kamera ikizunguka, mafundi wakapigilia misumari seti ya jirani, na juu ya vichwa vya waigizaji taa zikavuma kama mzinga wa nyuki. Hakuna aliyejali, maana kamera haina masikio.

Taa zile zilikuwa za kaboni. Vijiti viwili vya kaboni vinagusanishwa, umeme unapita, kisha vinaachanishwa kidogo. Katika ule mwanya umeme unaruka, na hapo ndipo unapotoka mwanga mkali mweupe wenye kuelekea buluu. Vijiti huungua na kufupika, kwa hiyo lazima visogezwe kila mara, ama kwa mkono wa fundi ama kwa mota ndogo. Taa inafoka, inavuma, wakati mwingine inapiga mluzi kabisa.

John na Anton Kliegl, ndugu wawili kutoka Ujerumani waliofungua kampuni yao New York mwaka 1896, walitengeneza taa za aina hii zikapata umaarufu hadi jina lao likawa neno la kawaida katika Kiingereza. Likatumika pia kutaja ugonjwa: “macho ya Klieg”. Mwigizaji akishinda mbele ya kaboni isiyokingwa, macho yalivimba, yakawa mekundu na kutiririka machozi kwa sababu ya mionzi ya urujuanimno. Inanisikitisha kwamba kinga yake ilikuwa nyepesi hivyo: kioo mbele ya taa huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Oktoba 1927 ikaja The Jazz Singer, na watu wakasikia sinema ikiimba na kusema. Maikrofoni ikaingia studio, na maikrofoni haichagui: inanasa neno la mwigizaji pamoja na mluzi wa kaboni.

Balbu za uzi wa tungsteni zilikuwepo zamani, na hazina kelele. Mbona hazikutumika tangu mwanzo? Jibu limo kwenye mkanda. Filamu iliyozoeleka wakati ule iliona buluu na kijani, lakini nyekundu haikuiona kabisa. Ndiyo maana midomo iliyopakwa rangi nyekundu ilitoka nyeusi. Mwanga wa balbu umeelemea wekundu, hivyo mbele ya filamu ile sehemu kubwa ya umeme ilipotea bure. Ni pale studio zilipohamia filamu ya pankromatiki, inayoona rangi zote, ndipo balbu ilipopata maana. Mapema mwaka 1928 wapiga picha wa Hollywood walikusanyika katika studio ya Warner Bros. wakaijaribu balbu hiyo kwa majuma kadhaa.

Peter Mole alikuwa ameshajiandaa. Mzaliwa huyu wa Sicily aliyekulia Marekani alianzisha Mole-Richardson na wenzake mwaka 1927, wakatengeneza taa za balbu kwa ajili ya sinema. Katikati ya miaka ya 1930 wakatoa Solarspot, yenye lenzi ya Fresnel. Pitisha kidole juu ya lenzi hiyo utahisi ngazi za mviringo, pete ndani ya pete. Fresnel, mwanafizikia Mfaransa, aliibuni kwa ajili ya minara ya taa ya baharini: aliondoa unene usio na kazi katikati ya kioo, akabakiza mkunjo unaopinda mwanga. Kwa fundi wa taa, maana yake ni kwamba akisogeza balbu mbele au nyuma ndani ya kasha, mwanga unatanuka au unabanwa, na kingo zake hubaki laini.

Majina waliyozipa yanasemwa mpaka leo: Baby ya wati 1,000, Junior ya 2,000, Senior ya 5,000.

Kaboni haikufa, lakini. Technicolor, mfumo wa kupiga sinema za rangi, ilihitaji mwanga mwingi ajabu, wenye rangi ya mchana, na balbu hazikuweza. Mole-Richardson wakarudi kwenye kaboni, safari hii wakihangaikia jinsi vijiti vinavyosogezwa ili taa itulie isiisumbue maikrofoni. Jitu lao kubwa, Brute, lilikula ampea 225 na kuhitaji fundi wa kulilinda peke yake.

Kuanzia miaka ya 1970 Wajerumani, OSRAM kwa balbu na ARRI kwa taa, walileta taa ya aina mpya iitwayo HMI. Umeme bado unaruka mwanyani, ila sasa umefungiwa ndani ya globu ya kioo cha kwazi. Taa yenyewe imetulia. Kinachonguruma ni kasha la umeme linaloiendesha, na mafundi hulivuta mbali kwa waya mrefu, hata nyuma ya ukuta, ili mtu wa sauti asilisikie.