Uchanganuzi wa saketi ni nini? Mfano wa betri mbili za sola

Mafundi wa sola wana onyo wanalolirudia kila mara: usifunge betri mpya sambamba na betri kuukuu. Ukiwauliza sababu, wengi watakujibu kwamba ile kuukuu inainyonya mpya. Jibu ni sahihi. Lakini inainyonya kiasi gani? Na je, kuna wakati ile kuukuu inasaidia kweli? Hapo inatakiwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo uchanganuzi wa saketi: kutafuta mkondo unaopita katika kila tawi la saketi, na volteji iliyopo baina ya sehemu moja na nyingine, huku ulichopewa ni vyanzo vya umeme na ukinzani wa vifaa tu.

Tuifanye kwa betri hizohizo. Betri mpya ina volti 12.5 na ukinzani wa ndani wa omu 0.1. Kuukuu ina volti 11.8 na ukinzani wa ndani wa omu 0.2. Zote mbili zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikilisha mzigo mmoja, yaani kifaa kinachotumia umeme, wenye ukinzani wa omu 3. Namba hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Betri nzima ya sola kwa kawaida huwa na ukinzani mdogo zaidi ya huo, na mzigo kama inveta hauna ukinzani mmoja wa kudumu. Ila volti 11.8 si ya kubuni tu. Betri ya asidi na risasi iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6 hadi 12.7, kwa hiyo inayosoma 11.8 imekaribia kuisha.

Mwanafunzi wa kidato cha nne atakimbilia kanuni ya Ohm, ile ya mwaka 1827: volteji ni mkondo mara ukinzani. Atajaribu pia kuunganisha ukinzani, ajumlishe vilivyo kwenye mfuatano, avigeuze vilivyo sambamba kuwa kimoja, mpaka saketi nzima ibaki na kikinzani kimoja na betri moja. Njia hiyo hapa inagoma. Omu 0.1 na omu 0.2 zinaonekana kama ziko sambamba, lakini kila moja ina betri yake nyuma yake, na betri hizo hazilingani. Huwezi kuzikunja pamoja kana kwamba ni vikinzani vitupu.

Aliyefungua njia ni Gustav Kirchhoff, mzaliwa wa Königsberg huko Prussia. Mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 21, alitoa kanuni mbili ambazo mpaka leo ndizo msingi wa mbinu zote za somo hili. Ya kwanza inahusu kifundo, yaani pale nyaya zinapokutana: mkondo wote unaoingia kwenye kifundo ni sawa na mkondo wote unaotoka. Chaji haijilimbikizi pale wala haipotei. Ya pili inahusu kitanzi: ukianzia pointi moja, ukazunguka njia yoyote ndani ya saketi mpaka ukarudi ulipoanzia, ukijumlisha volteji zote ulizopanda na kutoa zote ulizoshuka, unapata sifuri. Ni sawa na mtu anayezunguka vilima vya Lushoto kisha akarudi mlangoni kwake: apande ashuke vyovyote, mwinuko wa mlango wake uko palepale.

Sasa kazi. Nguzo hasi za betri zote na upande mmoja wa mzigo vimekutana pamoja. Hapo tupaite sifuri. Nguzo chanya na upande wa pili wa mzigo vimekutana pia, na volteji ya hapo hatuijui, tuiite V. Kisha tuchukulie kwamba betri zote mbili zinasukuma mkondo kuelekea kwenye kifundo hicho cha juu. Hatuna uhakika. Tunakisia tu, na tunaruhusiwa kukisia.

Mkondo wa betri mpya ni (12.5 − V) gawa kwa 0.1, yaani 125 − 10V. Mkondo wa kuukuu ni (11.8 − V) gawa kwa 0.2, yaani 59 − 5V. Unaotoka kwenda kwenye mzigo ni V gawa kwa 3. Kanuni ya kifundo inasema viwili vya kwanza vikijumlishwa vinalingana na cha tatu:

125 − 10V + 59 − 5V = V/3

Ukitatua, V inakuwa volti 12 kamili. Rudisha kwenye milinganyo: mzigo unapata ampea 4, betri mpya inatoa ampea 5, na betri kuukuu inatoa ampea −1.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufuta kazi nzuri. Wanaona alama ya kutoa mbele ya mkondo, wanadhani wamekosea, wanaanza upya au, vibaya zaidi, wanaifuta alama kimyakimya. Hiyo alama ndiyo habari tuliyokuwa tunaitafuta! Tulikisia kwamba betri kuukuu inasukuma mkondo. Hesabu inatujibu kwamba hapana, mkondo wa ampea 1 unaingia ndani yake. Katika uchanganuzi wa saketi hulazimiki kujua mkondo unaelekea wapi kabla hujaanza. Chora mishale yako upendavyo, mradi usiibadilishe katikati ya kazi. Mshale uliochorwa kinyume utajirekebisha wenyewe kwa kuja na namba hasi.

Kama huamini, kagua kwa nguvu. Betri mpya inazalisha 12.5 mara 5, yaani wati 62.5. Mzigo unakula wati 48. Betri kuukuu inapokea wati 11.8 za kuichaji na inapoteza wati 0.2 kwa joto kwenye ukinzani wake. Betri mpya yenyewe inapoteza wati 2.5. Jumlisha: 62.5. Ukaguzi huu unachukua dakika moja, na kwenye mtihani mimi nisingekabidhi karatasi bila kuufanya.

Mbinu tuliyotumia inaitwa mbinu ya vifundo. Ndugu yake ni mbinu ya vitanzi, ambapo unakipa kila kitanzi mkondo wake wa kuzunguka, kisha unaandika kanuni ya pili kwa kila kimoja. Kwa saketi yetu ungepata milinganyo miwili ya kutatua kwa pamoja, na majibu yangekuwa yaleyale. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kanuni yangu ya kuchagua ni ya uvivu: hesabu vifundo, toa kimoja, hesabu vitanzi vya ndani, fuata njia yenye idadi ndogo. Sisi tulikuwa na vifundo viwili, hivyo mlinganyo mmoja ulitosha. Kompyuta nayo imeegemea upande wa vifundo. SPICE, programu ya kuiga saketi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huandika milinganyo ya vifundo na kuitatua kwa wingi.

Limebaki swali la pili: lini betri kuukuu inasaidia? Unaweza kurudia hesabu yote kwa volti 11.9, kisha 12.0, kisha 12.1, lakini ni kujichosha. Mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, Léon Thévenin, alichapisha njia ya mkato mwaka 1883, ingawa Hermann von Helmholtz alikuwa ameshaieleza mwaka 1853. Wazo lenyewe ni hili: ukiitazama saketi yoyote ya betri na vikinzani kutoka kwenye nguzo zake mbili, hata iwe na matawi mia, inajionyesha kwako kama betri moja yenye kikinzani kimoja.

Basi ing'oe betri kuukuu, usimame pale ilipokuwa. Unachokiona ni betri mpya ikilisha mzigo peke yake: 12.5 gawa kwa omu 3.1 ni ampea 4.03, na volteji kwenye nguzo ni takriban volti 12.1. Hiyo ndiyo volteji ya Thévenin. Betri utakayoirudisha pale ikiwa na zaidi ya volti 12.1 zake yenyewe, itasukuma mkondo. Ikiwa na pungufu, itakuwa mzigo wa pili. Na tazama jambo lingine: betri mpya ikiwa peke yake mzigo ulipata volti 12.1, lakini tulipomletea msaidizi zikashuka hadi 12.0.

Ukinzani wa ndani nao hupimika kwa mita ya kawaida ya fundi. Soma volteji ya betri bila mzigo, tuseme 12.5. Washa mzigo unaovuta ampea 4, soma tena. Ikishuka hadi 12.1, pungufu ni volti 0.4. Gawa kwa 4, unapata omu 0.1.