Plagi Moja Nyeusi, Nyingine Safi: Uanzie Wapi?

Pikipiki ya zamani yenye kabureta kwa kila silinda ikianza kutoa moshi mweusi upande mmoja, wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu ya hewa. Naomba uiache kwanza. Chujio la hewa la pamoja likiziba, silinda zote huzidiwa na mafuta. Inapozidiwa moja tu, tafuta kitu kilicho kwenye silinda hiyo peke yake.

Fungua plagi ukitoka safarini injini ikiwa imepata moto sawasawa, maana choki ya asubuhi huzipaka zote masizi. Zipange kama zilivyokaa. Plagi ya silinda nzima huwa na kahawia hafifu kwenye kauri ya ncha. Iliyozidiwa na petroli huwa nyeusi kavu, na masizi yake hufutika kwa kidole. Ukikuta weusi unaong'aa na kuteleza, hiyo ni oili inayopita kwenye ringi au sili za vali, kabureta haihusiki.

Hata masizi makavu hayatoshi kuilaumu kabureta, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Cheche dhaifu huacha petroli bila kuungua, na plagi huwa nyeusi vilevile. Badilishana plagi kati ya silinda mbili. Weusi ukihama na plagi, umepata jibu. Usipohama, pima kofia ya plagi kwa mita: nyingi zenye rezista husoma karibu omu 5,000, na zikizeeka usomaji hupanda sana au mkondo hukatika kabisa. Linganisha na kofia ya silinda nzima.

Cheche ikiwa salama, angalia koki ya mafuta kabla hujaigusa kabureta. Koki inayofunguka kwa mvuto wa injini ina mpira mwembamba uliounganishwa kwa bomba dogo na mfereji wa kuingizia hewa wa silinda moja. Mpira ukichanika, petroli hupita kwenye bomba hilo na kunyonywa moja kwa moja na silinda hiyo. Lichomoe. Linatakiwa kuwa kavu. Likiwa na hata tone la petroli, mpira umekwisha. Nusa na oili ya injini pia. Ikinuka petroli, usiendeshe hadi uimwage, kwa sababu oili iliyopungua uzito huua beringi.

Baada ya hapo ndipo zamu ya boya, kidude kinachoelea kwenye bakuli la petroli la kabureta na kuzuia lisijae kupita kiasi. Chomeka mpira unaoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia petroli chini ya kabureta, uinue ubavuni, kisha legeza skrubu. Petroli itapanda ndani ya mpira na kusimama usawa uleule uliomo bakulini. Fanya hivyo kwa kila kabureta, pikipiki ikiwa imesimama wima. Yenye usawa wa juu kuliko nyingine ina sindano ya boya isiyofunga vizuri, au boya lililoingia petroli ndani. Boya ukilitoa na kulitikisa sikioni utasikia. Napenda kipimo hiki cha mpira kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kubomoa chochote.

Usawa ukilingana, uliza tatizo linatokea wapi kwenye kasi. Likiwa baya injini ikinguruma chini na kupungua ukivuta mafuta, kagua pistoni ndogo ya choki, ambayo huganda au mpira wake wa ncha huliwa. Kagua pia kitundu cha hewa mdomoni mwa kabureta, kwani kikiziba mafuta hukosa hewa ya kuchanganyika nayo. Likitokea mkono wa mafuta ukiwa umevutwa nusu, toa jeti ya sindano, yaani kitundu cha shaba ambamo sindano ya mkono wa mafuta (siyo ile ya boya) hupanda na kushuka, na uitazame kwenye mwanga kwa kioo cha kukuza. Mtetemo wa miaka huitafuna shaba, na tundu lililokuwa duara huwa kama yai. Jeti hiyo haisafishiki ikapona. Ibadilishe pamoja na sindano yake, kisha weka plagi mpya, nenda safari ya kutosha kuipasha injini moto, na uifungue tena uione rangi yake.