Ua la jangwani linalotegemea maji

Watu wengi wanaamini kwamba mmea wa jangwani, kwa kuwa unaishi jangwani, hauna haja na maji. Kwa *Calochortus striatus* imani hiyo haisimami.

Ua hili ni jamaa wa maua ya lili, na makao yake ni jangwa la Mojave, katika majimbo ya California na Nevada, Marekani. Lakini usilitafute kwenye mchanga mkavu. Linaota kwenye malisho yenye udongo wa magadi, kandokando ya chemchemi, mahali ambapo maji ya ardhini yapo karibu na uso wa nchi. Maji hayo yakipanda na kukauka juani huacha utando mweupe wa chumvi. Mgeni akiuona husema hapa pamekufa. Ainame basi: petali tatu za zambarau iliyopauka, kila moja imechorwa mishipa myembamba iliyokolea, kama mtu aliyepitisha kalamu ya wino.

Wengine hupita mwaka wa ukame, wasione kitu, wakasema limetoweka. Si lazima iwe hivyo. Chini kuna tunguu, dogo kama kitunguu, linaloweza kukaa limelala msimu mzima na kuchanua mvua za kipupwe zikiwa nzuri, kati ya Aprili na Juni.

Kinacholitisha hasa ni visima vinavyoshusha maji ya ardhini, na nyumba zinazojengwa juu ya malisho hayo, kama pembezoni mwa mji wa Lancaster, California. Tunguu huvumilia ukame wa mwaka. Chemchemi ikikauka moja kwa moja, halina pa kukimbilia.