Zana za kufundishia mtandaoni: anayoaminishwa mwanachuo wa ualimu, na ukweli wake

Shule za mazoezi ya kufundisha zikishatangazwa, simu za wanachuo wa ualimu hujaa mafaili: maandalio ya masomo, maazimio ya kazi, notisi za kila kidato, yote yametumwa na mtu aliyetumiwa na mtu mwingine. Bidii hiyo ni njema. Lakini imani nyingi zinazoongoza utafutaji huu humpeleka mwalimu mtarajiwa pasipomsaidia, na anayeumia ni mtoto aliye kwenye dawati. Nazungumzia zaidi Tanzania, ingawa aliye Kenya au Uganda atajiona humu pia.

"Kila ninachohitaji kipo kwenye grupu"

Magrupu ya WhatsApp na Telegram yana faida zake: unauliza swali usiku, unajibiwa kabla ya asubuhi. Shida ni kwamba faili linalozunguka huko mara nyingi halina mwandishi wala mwaka. Na kwa sasa mwaka ndio kila kitu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, kwa awamu, ukaja na masomo kama Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili kwa shule za msingi. Andalio la Maarifa ya Jamii au la Uraia na Maadili, hata ukilibadilisha kichwa cha habari, mwili wake unabaki wa mtaala uliopita.

Pa kuanzia ni muhtasari (silabasi) wa somo lenyewe kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Fungua safu ya umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji, kisha jiulize: kipindi kikiisha, mwanafunzi awe anaweza kufanya nini? Swali hilo hupunguza msitu. Ukitafuta "umeme" utaletewa kila kitu chini ya jua. Ukijua kwamba unataka mtoto aunganishe betri, waya na balbu mpaka iwake, na aeleze kwa nini imewaka, utajua ndani ya dakika moja kama ukurasa uliofunguka unakufaa. Vitabu vya kiada navyo husomwa bure kwenye Maktaba Mtandao ya TET, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua nakala ya PDF kwa mtu usiyemjua.

Kwa wanaovutiwa na vya jirani: Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) nayo huweka miongozo ya mtaala wake mtandaoni, na imo mifano mizuri ya kazi za vikundi. Vichukue kama chanzo cha mawazo. Gredi ya Kenya na darasa la Tanzania havilingani kimaudhui hata namba zikifanana.

"Zana ni kitu cha kuwaonyesha wanafunzi"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inawafanya wanachuo wapite mbele ya hazina bila kuiona. Zana nyingine haziingii darasani kabisa. Zinasomwa na mwalimu peke yake, jioni, akiandaa kipindi.

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Wengi wanaiendea tovuti hiyo kutafuta matokeo tu, wakishayapata wanatoka. Lakini taarifa hizo zinachukua swali moja moja, zinaeleza watahiniwa walifanyaje, walikosea wapi na kwa nini, tena zinaweka picha za majibu yenyewe, kwa mwandiko wa mtahiniwa: jibu zuri hapa, jibu baya pale. Kwenye maswali ya kuchagua, zinaeleza kilichowavuta walioliacha jibu sahihi. Mwanachuo ambaye bado hajasimama mbele ya darasa anapata humo kitu ambacho wenzake hukipata kwa miaka ya kusahihisha madaftari.

Faida yake ni nini hasa? Chukua kujumlisha sehemu. Mwanafunzi anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 hakubahatisha. Amejumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, na kwake huo ni utaratibu kamili. Mwalimu asiyelijua kosa hili atarudia kanuni ubaoni mara tatu na mtoto ataitikia "ndiyo, mwalimu" mara tatu. Anayelijua ataandaa kipindi kingine kabisa: atachora mistatili miwili iliyo sawa, mmoja atie rangi nusu, mwingine sehemu mbili za tano, awaulize ipi kubwa. Watoto wataona wenyewe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Sasa waulize, umeongezaje kitu kwenye nusu ukapata kilicho pungufu ya nusu? Darasa litanyamaza kidogo, kisha litaanza kubishana, na hapo ndipo somo linapoanza. Mchoro huo haukuhitaji kupakua chochote. Kilichohitajika ni kujua mapema mtoto atakwama wapi.

"Mtandaoni hakuna cha Kiswahili"

Kipo, tena kingi kimeandaliwa kwa ajili ya mwalimu. Mradi wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 ukiratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, una moduli za walimu wa shule za msingi katika lugha nne, Kiswahili kikiwemo. Kila sehemu ina visa vya walimu darasani na shughuli za kujaribu na wanafunzi wako. Kwa anayejifunza ualimu naona hakuna cha bure kilichopangwa vizuri kuliko hicho, na nashangaa kwa nini hakitajwi zaidi vyuoni.

Kwa madarasa ya chini kuna African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini: hadithi fupi zenye picha, katika lugha nyingi za Afrika, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno ya kwanza mpaka hadithi ndefu za kusomewa. Unaweza kuipakua hadithi, kuichapa, hata kuitafsiri. Tahadhari moja: kwa kuwa watu wengi huandika na kutafsiri humo, Kiswahili chake hakilingani ubora. Isome hadithi nzima kwa sauti kabla ya kuipeleka kwa watoto wanaojifunza kusoma, maana watayabeba makosa yaliyomo kama yalivyo.

"Shule niliyopangiwa haina intaneti, basi haya si yangu"

Intaneti inahitajika unapotafuta, si lazima unapofundisha. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia ya 2001, una majaribio ya sayansi na hisabati yanayofanyika kwenye skrini, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Jaribio hupakuliwa kama faili moja. Ukishalipata linafunguka kwenye kivinjari bila bando.

Chukua lile la sakiti. Unaburuta betri, waya na balbu mbili. Zipange balbu zifuatane kwenye njia moja, zote zinafifia. Ichomoe moja, nyingine inazimika. Zipange kila moja kwenye njia yake, zinawaka kwa mwanga kamili, na ukichomoa moja nyingine haijali. Wanafunzi wakitabiri kwanza, wakaandika utabiri wao daftarini, ndipo ukaonyesha, laptopu moja ya kuazima inatosha vikundi vikipokezana. Na kama hata hiyo haipo, jaribio limeshakufundisha wewe, na betri za tochi na balbu ndogo zinauzwa dukani.

Shule yenye kompyuta hata moja inaweza kufungiwa Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vifaa vingine vilivyo karibu bila intaneti. Kiwix hufanya kazi kama hiyo kwa Wikipedia. Muulize mwalimu mlezi, yule anayekusimamia shuleni, kabla hujafika na flashi yako. Huenda mtambo upo stoo na hakuna aliyeuwasha.

"Video nzuri hufundisha yenyewe"

Haifundishi yenyewe. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Tanzania tangu 2014, ni nzuri sana, lakini kipindi chako cha darasani ni dakika 40. Chagua dakika tatu nne zinazobeba wazo moja, simamisha kabla jibu halijatolewa, uliza swali. Mtoto anayecheka hajathibitisha kwamba ameelewa.

"Kikiwa mtandaoni ni cha wote"

Kuweza kukifungua si ruhusa ya kukichapa na kukiuza. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tafuta alama za leseni za Creative Commons chini ya ukurasa, zinazokuambia mwenye kazi ameruhusu nini: BY inakutaka umtaje mwandishi, SA uiachie kazi uliyoibadili kwa masharti yaleyale, NC usifanye biashara, ND usisambaze kazi uliyoibadili, na tafsiri imo humo. Mwalimu anayeandika chini ya karatasi ya zoezi chanzo chake anawafundisha wanafunzi uaminifu bila hotuba.

"Akili unde (AI) itaniandikia andalio"

Itakuandikia, kwa sekunde chache, na kwa lugha inayojiamini. Itakutajia pia kitabu kisichokuwepo, au umahiri ambao haumo kwenye muhtasari wowote, na haitaona aibu. Haijui kwamba darasa lako lina watoto 90 na madawati ya 60, wala kwamba nusu yao walikuwa shambani juzi.

Itumie baada ya kufikiri. Ukishaamua kipindi kinaelekea wapi, iombe mifano kumi ya maswali, kisha yafanye yote wewe mwenyewe kwa kalamu, hatua kwa hatua. Utagundua mawili yana jibu zaidi ya moja na jingine linahitaji mada ambayo hamjaifikia. Yanayobaki mpelekee mwalimu mlezi ayapitie siku moja kabla ya kipindi, ukiwa na daftari mkononi, maana yeye analijua darasa hilo kwa majina.