Sakafu ya joto si lazima iwe moto

Baadhi ya wanaojenga au kukarabati nyumba katika nchi za baridi kama Ujerumani na Kanada huamini kwamba sakafu yenye nyaya za umeme au mabomba ya maji ya moto chini yake haiwezi kupasha chumba kizima joto bila kuwa moto sana, hivyo itachoma miguu na kupasua mbao. Hofu hiyo inaeleweka, kwani rejeta ya ukutani, yaani kifaa cha chuma cha kupashia chumba joto, mara nyingi huwa moto kiasi cha kutoshikika.

Sakafu ina eneo kubwa, kwa hiyo haihitaji joto kali. Kiwango cha Ulaya huweka kikomo cha nyuzi 29 za Selsiasi juu ya sakafu wanapokaa watu, na 33 bafuni. Ukikanyaga pekupeku utahisi uvuguvugu tu. Sakafu ya mbao mara nyingi huwekewa kikomo cha nyuzi 27, na mbao za tabaka, yaani zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, hazipindi wala kupasuka kirahisi kama mbao nzima. Soma karatasi ya mtengenezaji kabla ya kulipa, kisha pima sakafu kwa kipimajoto cha uso.

Swali zito zaidi, kwangu, ni gharama. Piga hesabu mwenyewe: bafu la mita 4 za mraba lenye nyaya za wati 150 kwa kila mita hutumia wati 600, kwa saa 3 ni uniti (kilowati-saa) 1.8. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako. Kwa nyumba nzima, mabomba ya maji ya nyuzi 35 hadi 45 yakiunganishwa na pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la nje na kulileta ndani, hula umeme mdogo kuliko nyaya. Na kama dari na madirisha yanavujisha joto, anza huko.